Wayunani, Warumi, Wagiriki: maktaba ya George Finlay na historia ya miaka elfu mbili

Kiswahili kina majina matatu kwa watu wale wale. Anayesoma Biblia hukutana na Wayunani, wale wanaotafuta hekima katika waraka wa Paulo kwa Wakorintho. Anayesoma Kurani hukutana na Warumi katika sura ya 30 inayobeba jina lao. Na hao ni watu wa dola iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, Istanbul ya leo, ambako lugha kubwa ilikuwa Kigiriki. Anayesoma gazeti hukutana na Wagiriki, wenye timu za mpira na visiwa vya watalii, ndugu wa wale waliolima mkonge na kahawa Tanganyika enzi za ukoloni.

Nilipokuwa shuleni nilidhani hayo ni mataifa matatu. Wayunani waliishia pale Aleksanda alipokufa, Warumi wakatokea kwingine, na Wagiriki nikawa nawaona kama watu wapya waliozuka juzi. Hata utenzi wetu wa kale, ule ulioandikwa Pate na Mwengo bin Athumani na kunakiliwa katika mswada wa mwaka 1728, unaitwa Chuo cha Herekali. Herekali huyo ni Heraclius, mfalme wa Konstantinopoli kuanzia mwaka 610 hadi 641. Washairi wa pwani yetu walikuwa wakimtaja mtawala wa Wagiriki, na mimi niliusoma utenzi ule bila kujua kwamba yuko katika mstari mmoja na Sokrate upande huu na mvuvi wa leo wa Piraeus, bandari ya Athens, upande ule.

Kuufuata mstari huo kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi ngumu, na waliokwisha kuifanya peke yao ni wachache. Mmoja wao ni George Finlay, mwanahistoria wa karne ya 19. Nataka kueleza jinsi vitabu na makaratasi aliyoyaacha nyumbani kwake Athens yanavyomsaidia mtu anayetaka kuielewa Ugiriki, kwa sababu maktaba ya mwanahistoria ni chanzo chenye tabia yake. Ina utajiri ambao huupati kwingine, na ina mitego yake pia.

Finlay alizaliwa mwaka 1799 Faversham, kusini mashariki mwa Uingereza, kwa wazazi Waskoti. Alisomea sheria Glasgow, kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, kuisoma zaidi sheria ya Kirumi. Wakati huo Wagiriki walikuwa wameanza vita vya kujikomboa kutoka kwa Waosmani, yaani dola ya Waturuki, mwaka 1821, na vijana wengi wa Ulaya walikuwa wakienda kupigana upande wao. Finlay naye akaenda. Mwaka 1823 alikutana na mshairi Byron katika kisiwa cha Kefalonia, akawa karibu naye tena Missolonghi kabla Byron hajafariki mwaka 1824. Homa ikamrudisha nyuma; akafika Scotland, akafanya mtihani wake wa sheria, halafu akarejea Ugiriki. Vita vilipokwisha hakuondoka. Aliishi Athens hadi kifo chake mwaka 1875.

Historia aliyoiandika inaanza mwaka 146 kabla ya Kristo, Warumi walipoiteka Korintho, na inakwenda hadi mwaka 1864 wa zama zetu. Sehemu zake zilitoka moja moja kuanzia 1844, na zilikusanywa Oxford mwaka 1877, yeye akiwa ameshakufa, zikawa juzuu saba. Yaani alianzia pale ambapo walimu wengi wa Ulaya walikuwa wakifunga kitabu. Kwao Ugiriki ilikuwa imekwisha. Kwake ndiyo kwanza inaanza.

Sasa tuitazame maktaba yenyewe. Maktaba ya umma hununulia watu wengi wasiojuana, hivyo inakuwa na kila kitu kidogo kidogo. Nyumba ya nyaraka za taifa hupokea makaratasi ya maofisi, kwa hiyo inazungumza kwa sauti ya serikali. Maktaba ya mwanahistoria ni kitu cha tatu. Kila kitabu kiko pale kwa sababu mtu mmoja alikuwa na swali, akakitafuta, mara nyingi akakilipia kutoka mfukoni, akakisoma akiwa na kalamu mkononi. Pamoja na vitabu kuna shajara zake, nakala za barua alizotuma, barua alizopokea, mahesabu, ramani, hati za mashamba, na vile vijitabu vya siasa ambavyo wengine walivisoma asubuhi na kuvitupa jioni. Finlay aliacha vitu vya namna hiyo vyote, na juu yake mkusanyiko wa zana za mawe za watu wa kale. Mwaka 1869 aliandika kijitabu kwa Kigiriki kuhusu mambo ya kale ya Uswisi na Ugiriki kabla ya maandishi, wakati wasomi wengi wa Athens walikuwa hawaoni kitu cha maana katika jiwe lililochongwa kabla ya zama za marumaru.

Lakini kuorodhesha vitu hakuonyeshi jinsi vinavyofanya kazi. Nichukue jambo moja nilitazame kwa karibu: ushuru.

Neno hili tunalo, na tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni moja ya kumi. Waosmani nao walilichukua, wakaita kodi ya mavuno kwa jina hilo hilo, fungu la kumi la kila kilichovunwa. Ufalme mpya wa Ugiriki ulipoanzishwa, bendera ilibadilika lakini fungu la kumi likabaki. Mkulima hakulipa fedha. Alilipa nafaka yenyewe. Na serikali haikuikusanya yenyewe kila mahali: haki ya kukusanya iliuzwa kwa mnada, aliyepanda dau kubwa akaichukua, kisha akahakikisha faida yake inarudi.

Fikiria sasa uwanja wa kupuria nafaka mwezi wa Julai. Ngano imekatwa na kulundikwa. Mkulima haruhusiwi kuihamisha mpaka mwenye ushuru afike, aione, aipime, achukue fungu lake. Mwenye ushuru ana vijiji vingi vya kuzunguka. Ngano inakaa juani, ndege wanadonoa, mvua ikija inaloa. Mkulima mwenye wazo jipya anaumia zaidi: akipanda kitu kinachoiva wiki tofauti na cha jirani, au kinachoharibika upesi, hakuna atakayekuja kwa wakati wake. Kwa hiyo kijiji kizima kinapanda kile alichopanda babu, kwa majira ya babu, kwa jembe la babu.

Finlay aliyajua haya kwa ngozi yake. Baada ya vita alinunua shamba Attika, upande wa Liosia, akiamini kwamba mtaji na maarifa vitaifufua ardhi ile. Akafilisika. Katika maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaacha, anasema alipoteza fedha na jasho, ila alijifunza jinsi mfumo wa fungu la kumi ulivyotengeneza aina ya jamii na mazoea ya kilimo ambayo mtu mmoja hawezi kuyashinda. Fedha zilipomwishia ndipo akageukia vitabu.

Hapo ndipo maktaba yake inapofunguka. Wenzake waliposoma habari za Justiniano, mfalme wa Konstantinopoli wa karne ya 6, waliona majenerali, makanisa na ugomvi wa kidini. Finlay aliuliza nani alilipa, alilipa kwa njia gani, na fedha ilikwenda wapi. Alishangazwa zaidi na mkulima wa karne ya 6 anayeuacha mtaro wa maji ubomoke kuliko na ikulu ya Konstantinopoli, kwa kuwa yeye mwenyewe alishauona mtaro ukibomoka. Ndiyo maana juzuu yake ya kwanza ina nyongeza nzima kuhusu fedha za Kirumi na za Bizanti, yaani dola ile ya Konstantinopoli, uzito wake na jinsi watawala walivyozipunguzia thamani. Sheria ya Kirumi aliyoisoma Göttingen, sarafu, na hasara ya Liosia vilikutana katika kichwa kimoja, na vilikaa katika nyumba moja.

Ukiyatenganisha makundi hayo, ukapeleka sheria huku, sarafu kule, na makaratasi ya shamba ukayachoma kwa kuwa ni ya shamba tu, kila kitu kitabaki kizima lakini swali lililoviunganisha litakuwa limekufa. Wahifadhi wa nyaraka wana kanuni ya kuacha vitu katika mpangilio aliouacha mwenyewe, hata kama unaonekana ovyo. Kwa maktaba ya mwanahistoria, kanuni hiyo ni uhai.

Iko tofauti hapa kati ya mwanahistoria na mkusanyaji. Ng'ambo tu ya barabara kutoka mahali vitabu vya Finlay vilipo leo kuna maktaba ya Gennadius. Joannes Gennadius alikuwa mwanadiplomasia wa Ugiriki aliyeishi sana London, na alikusanya kwa mapenzi: matoleo ya kwanza, majalada ya ngozi, michoro ya wasafiri, chochote kilichoigusa Ugiriki. Alipoishiwa fedha ilimbidi auze sehemu kwa mnada mwaka 1895, kisha akaanza kukusanya upya. Mwaka 1922 alikikabidhi Chuo cha Wamarekani cha Athens vitabu vipatavyo 26,000, kwa sharti kwamba vikae pamoja katika jengo lake vyenyewe, na jengo hilo la marumaru lilifunguliwa mwaka 1926. Nampenda Gennadius kwa sharti lile. Hata hivyo vitabu vyake vinaonyesha kila kitu kilichoandikwa kuhusu Ugiriki. Vya Finlay vinaonyesha mtu akifikiri. Mtafiti anahitaji vyote viwili, na bahati nzuri anaweza kutembea kutoka kimoja hadi kingine kwa dakika chache.

Miongoni mwa makaratasi ya Finlay kuna pia ya mtu mwingine, Frank Abney Hastings, nahodha Mwingereza aliyewashawishi Wagiriki kununua meli ya mvuke ya kivita. Meli hiyo, Karteria, ilifika Nafplio mwaka 1826, na inahesabiwa kuwa meli ya kwanza ya mvuke kupigana vita baharini. Septemba 1827 iliteketeza meli za Waosmani katika ghuba ya Itea, wiki tatu hivi kabla ya vita vikubwa vya Navarino. Hastings alijeruhiwa na kufa mwaka uliofuata akiwa bado kijana. Finlay alikuwa rafiki yake, na makaratasi ya marehemu yakaishia kwake. Maktaba binafsi huokoa watu wa namna hii: waliokufa mapema, wasio na wizara wala ukoo wa kuwatunzia barua.

Kuokoka kwenyewe ni hadithi. Hivi majuzi nilinunua karanga za shilingi mia tano, nikafungua kifurushi, nikakuta karatasi yenye mwandiko wa wino wa bluu: safu ya majina, safu ya shilingi, tarehe za mwaka 1974. Lilikuwa daftari la ushirika wa mazao. Nilirudi kwa mama muuza karanga kuuliza kama lina kurasa zingine. Akanionyesha jalada, kurasa zilikuwa zimekwisha asubuhi ile.

Nilimkumbuka Yannis Vlachogiannis. Huyu naye, Athens, aliyatafuta makaratasi ya Mapinduzi ya 1821 kwa wauza duka waliokuwa wakifungia bidhaa, akayanunua kwa fedha yake. Ndiye aliyechapisha mwaka 1907 kumbukumbu za Jenerali Makriyannis, mpiganaji aliyejifunza kuandika ukubwani na kuandika kwa lugha ya watu wa kawaida. Nyaraka Kuu za Taifa la Ugiriki zilianzishwa mwaka 1914, na Vlachogiannis ndiye aliyezisimamia mwanzoni. Kwa hiyo kwa karibu miaka mia moja baada ya mapinduzi, kumbukumbu za nchi zilitegemea watu binafsi wenye makabati. Nyingine zilikuwa Istanbul kwa Kiosmani, nyingine Venice, nyingine London na Paris katika taarifa za mabalozi. Ukielewa mtawanyiko huo utaelewa kwa nini nyumba moja iliyojaa makaratasi ilikuwa na uzito mkubwa vile.

Vitabu na makaratasi ya Finlay vilikabidhiwa mwaka 1899 kwa Chuo cha Waingereza cha Athens, kituo cha utafiti kilichofunguliwa mwaka 1886. Vilipata paa, lakini paa halitoshi. Miaka ya 1920 William Miller, mwandishi wa habari na mwanahistoria aliyeishi Athens, aliandika makala za kueleza yaliyomo ndani. Orodha kamili ya makaratasi ilichapishwa mwaka 1973 na Joan Hussey, bingwa wa historia ya Bizanti, na mwaka 1995 akatoa shajara na barua za Finlay katika juzuu mbili. Hesabu mwenyewe: kutoka 1899 hadi 1973 ni miaka 74. Muda wote huo makaratasi yalikuwa salama kabatini, na mtafiti wa mbali hakuwa na njia ya kujua aombe nini. Kazi ya kuandaa orodha haina sifa mitaani, lakini mimi naiweka sawa na ya mwandishi. Bila orodha, makaratasi hayo yangebaki kama yamezikwa.

Nilisema kuna mitego. Mkubwa ni huu: ukikaa katika maktaba ya mtu siku nyingi, unaanza kuona kwa macho yake.

Finlay alikuwa na ugomvi na serikali anayoiandika. Ardhi aliyoinunua Athens ilichukuliwa ili kupanua bustani za ikulu ya Otto, mfalme wa kwanza wa Ugiriki mpya, aliyetoka Bavaria, Ujerumani, na miaka ikapita bila malipo aliyoyaona ya haki. Dai lake likaunganishwa na la Don Pacifico, Myahudi raia wa Uingereza ambaye nyumba yake ilivamiwa na kuporwa wakati wa Pasaka ya 1847. Mwaka 1850 Palmerston, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alituma manowari kuizuia bandari ya Piraeus mpaka madai yalipwe. Kwa hiyo unaposoma kurasa zake kali kuhusu utawala wa Otto na maofisa wake Wabavaria, kumbuka kwamba anayeandika ni mdai, na nyuma ya dai lake zimewahi kusimama manowari. Hilo halimfanyi mwongo. Linakutaka tu uweke hati ya ardhi mezani, kando ya sura unayoisoma.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Finlay aliwapenda Wagiriki na kuipigania nchi yao, lakini aliandika waziwazi kwamba mwaka 1821 Waislamu zaidi ya 20,000 walikuwa wakiishi na kulima katika Ugiriki, na kwamba ndani ya muda mfupi wengi wao waliuawa, wanaume, wanawake na watoto. Hakuna aliyemshukuru kwa maneno hayo. Ninapomwona akiandika jambo lisilomfaidi, kinyume cha upande aliopigania, namwamini zaidi pale anapolalamika.

Na kuna ukimya. Kabati la muungwana wa Kiskoti wa karne ya 19 lina sauti nyingi za makapteni, mabalozi na wasomi. Wanawake wa Liosia waliopepeta ile ngano hawana barua humo. Wakulima wanaonekana kupitia mahesabu ya mwenye shamba. Waosmani waliouza ardhi na kuondoka wanaonekana kama majina ya wauzaji. Mwenye kuitafuta historia yao lazima atoke nje ya maktaba hii, aende kwenye daftari za kodi za Kiosmani, kwenye nyimbo, kwenye mahakama. Maktaba nzuri ya mtu mmoja humwonyesha msomaji makini mahali inapoishia.

Aliye Mombasa au Bujumbura atauliza: mimi nitafikaje Athens? Kwa kuanzia, si lazima. Toleo la kwanza la historia yake ya mapinduzi, la 1861, na lile la Oxford la 1877 yote yamepigwa picha na yanasomeka bure mtandaoni. Katikati ya matoleo hayo mawili ndipo kalamu ya Finlay ilipopita, kwa sababu aliendelea kusahihisha na kuongeza hadi uzeeni, na toleo la Oxford limebeba masahihisho hayo. Fungua matoleo yote mawili, sura moja, uyaweke sambamba. Pale sentensi ilipobadilika, jiulize amesoma nini au ameona nini katikati. Kisha chukua shajara zilizochapishwa mwaka 1995, utafute miaka hiyo hiyo. Hapo utakuwa unafanya kile wanachofanya watafiti walioko pale kabatini, tofauti ni vumbi tu.

Mimi ningeanza na kurasa za fungu la kumi, wakati kumbukumbu ya uwanja wa kupuria bado ni mbichi, halafu ningerudi nyuma hadi juzuu ya kwanza, kwa Heraclius. Finlay anatafuta sababu za dola ile kupoteza Shamu na Misri katika kodi na katika chuki ya mikoa dhidi ya Konstantinopoli. Mwengo wa Pate anazitafuta katika imani na ushujaa wa mapanga ya Tambuka, vita ambavyo utenzi ule unavisimulia. Waweke wawili hao meza moja, kitabu cha huyu upande huu na utenzi wa yule upande ule, na usome kwa zamu.